Picha Mbili za Mkwe Asiyekaa

Nyumbani kwangu Nyasura, pale Bunda, kulikuwa na makochi yaliyovikwa vitambaa nilivyofuma kwa mkono wangu mwenyewe, na mimi nilikuwa nikiyapita kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Sikukaa. Hata nguo za watu nilizishona nimesimama. Cherehani yangu ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Mume wangu aliipandisha juu ya meza ndefu, nami nikaweka mguu mmoja juu ya tofali na mwingine chini, nikawa kama korongo anayevizia chura. Wateja walidhani ni ujuzi niliousomea.

Jirani yangu, mwanamke mwenye sauti kuliko redio, alikuwa akinipigia saluti kila asubuhi juu ya ua wa minyaa.

"Afande, shikamoo! Zamu inaisha saa ngapi?"

"Marahaba, kuruta. Pita kabla sijakuweka ndani."

Tulicheka, akaenda zake sokoni, nami nikabaki na tofali langu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na maumivu mahali ambapo hapatajwi mbele za watu. Chini kabisa, ndani kwa ndani, palikuwa na kitu kama kaa lililofukiwa kwenye majivu. Nikikaa, ni kama mtu amelichochea. Nikisimama linapungua, nikilala ubavu linasinzia. Mimi kwa asili ni mtu wa nyumbani, hata nikiwa mzima hamngeniona barabarani. Lakini kukaa nyumbani kwa kupenda na kukaa nyumbani kwa kuogopa kiti cha jirani ni mambo mawili.

Na chumbani, niseme tu kwamba mume wangu ni mtu mwenye subira, na subira yake iliniumiza kuliko hasira. Akinisogelea nauma meno. Akiona nimeuma meno anageukia ukutani na kuanza kunisimulia habari za pamba. Alikuwa mpima mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba, kwa hiyo habari zenyewe hazikumwishia.

Nilimaliza kidato cha nne, tena baiolojia nilikuwa naipenda. Lakini mwalimu wetu alitufundisha panzi kwa bidii nyingi mno, na tulipofika sura ya uzazi wa binadamu akafunga kitabu akasema mtajisomea. Matumbo ya panzi nayajua mpaka leo. Ya kwangu niliyaacha mikononi mwa yeyote aliyejitolea kuyaeleza, na wengi walijitolea. Kina mama wakasema ni chango. Nikanywa mizizi ya chango, michungu kiasi kwamba mbuzi angeitema. Hospitalini wakasema mkojo mchafu, wakanipa vidonge vya rangi mbili. Niliporudi wakanipa vya rangi nyingine. Mganga mmoja aliniuliza kama mume wangu hutembea. Nikamwambia hutembea sana, kila siku, kutoka nyumbani mpaka kwenye mizani.

Yote hayo ningeyabeba kimya kimya kama si ukweni, Butiama.

Mimi kwetu ni ziwani, upande wa Musoma, watu wa nyavu na mihogo. Ukweni ni watu wa ng'ombe. Na kule mke wa mtoto hasimami wakati baba mkwe amekaa. Ukiingia unashuka chini, unakunja miguu upande, unasalimia kutoka huko huko chini, na unabaki huko mpaka mazungumzo yaishe. Mazungumzo ya wenye ng'ombe hayaishagi. Nilijitahidi. Nilishuka, nikasalimia, halafu ghafla nikakumbuka chungu nilichokiacha motoni. Nikatoka. Siku nikiwepo, nyumba ile ilikuwa na vyungu vingi sana.

Kisha akafariki baba mdogo wa mume wangu, na msibani hakuna chungu cha kukusaidia. Wanawake walikaa kwenye mikeka uani, miguu imenyooshwa, bega kwa bega. Nilikaa nao kidogo, jasho likanitoka, macho yakaanza kuona giza. Nikainuka nikaegemea ukuta. Kila aliyeingia aliniona kwanza mimi, kabla ya jeneza. Mama mkwe akapaza sauti ili wote wafaidi.

"Mwacheni! Huyo ana fomu foo, kidato cha nne kimempanda kichwani. Kwao ziwani wanaliaga wamesimama, kama yangeyange!"

Wakacheka, kwenye msiba. Na mimi ningecheka kama ningekuwa nimekaa.

Jioni alinifuata jikoni. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume, na hakupenda maneno mengi.

"Wewe una nini?"

"Naumwa, mama."

"Unaumwaga wapi?"

Nikamwonyesha kwa macho, maana mdomo ulikataa.

"Hapo? Umezaa mara mbili tu hapo. Mimi nimezaa nyumba hii yote na nakaa."

"Najua, mama."

Akatazama uani, alikokuwa mumewe, amejikunja chini ya blanketi wakati jua bado lilikuwa kali. Mzee alikuwa ameanza kuisha.

"Yule hatafika mbali," akasema. "Siku yake ikifika, na wewe umenisimamia ukutani, mimi watu nitawaambia nini? Kama ni ugonjwa, niletee niuone. Kama ni maringo, siku hiyo usije."

Nikarudi Bunda nimelala ubavu nyuma ya pikapu ya shemeji, nikiangalia mawingu. Sikuwa namchukia. Alichokuwa anataka ndicho nilichokuwa nataka mimi: kuuona.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalikuwa yamejaa sabuni za rangi zote, mitumba imemwagwa barabarani, na hospitali za serikali zimeanza kututaka tuchangie. Musoma mjini watu binafsi walikuwa wamefungua zahanati zenye mapazia mlangoni. Moja, ilisemekana, ina mashine ya altrasaundi, inayoona ndani ya tumbo bila kupasua, na daktari wa kina mama, mwanamke mwenzetu, huja mara moja moja kutoka Mwanza kuitumia. Nikamwambia mume wangu nipeleke. Hakuuliza kwa nini. Alichouliza ni tutakwendaje, maana basi ni kiti.

Akaongea na dereva wa lori la pamba. Yeye akakaa mbele, mimi nikapandishwa juu, nikajilaza ubavu katikati ya pamba kama bibi harusi. Nilikuja kusikia baadaye kwamba dereva alimnong'oneza, "Mzee, mmegombana?" Ndiyo safari pekee maishani mwangu niliyosikitika ilipofika mwisho.

Pale zahanati tuliambiwa tunywe maji mengi na tusiende chooni, kwa sababu kibofu kikijaa ndipo mashine inaona vizuri. Tukanywa. Tukajaa. Umeme ukakatika. Ilikuwa miaka ya mgao, na mwenye jenereta akawa amekwenda kutafuta dizeli. Wanawake kwenye benchi wakaanza kuchezesha magoti, kisha kufunga macho. Mmoja akainuka.

"Jamani mimi nimeshindwa. Heri nianze upya."

Akatoka mbio, na wengine nyuma yake. Mimi nikabaki nimesimama dirishani. Waliporudi, yule wa kwanza akanitazama toka juu mpaka chini.

"Dada, na wewe? Kibofu chako ni cha chuma?"

"Nimesomea," nikamjibu, nikajisikia bingwa.

Na kweli nilikuwa nimesomea, ingawa si darasani. Nilipoolewa zilikuwa bado siku za foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, kanga foleni. Mwanzoni ulikuwa unaweka jiwe lako kwenye mstari na kwenda kwenye shughuli zako. Watu walipoanza kuyapiga mawe ya wenzao mateke, ikabidi kila mtu awe jiwe lake mwenyewe. Ukitoka, hata kwenda vichakani, nafasi imekwenda, na nyumbani watoto wanaoga majivu. Basi tukabana. Tulibana na mimba, tulibana na watoto mgongoni, toka umande mpaka mwenye duka atangaze kwamba mzigo haujaja. Mimi nikapata sifa. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa wakiniweka mbele, "mwacheni yule, yule haendagi chooni." Hakuna shule iliyowahi kunipa sifa kama hiyo.

Umeme uliporudi nikaitwa. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, macho yamechoka, viatu amevivua chini ya meza. Alinipaka kitu cha baridi tumboni, akapitisha kishikio cha mashine huku na huku, na kwenye kioo pakawa na ukungu unaotembea.

"Kizazi kizuri," akasema. "Mayai mazuri. Kibofu kilichojaa namna hii sijawahi kuona, lakini nacho kizuri. Mama, uko safi."

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kutaka kulia kwa kuambiwa hivyo.

"Angalia tena, dokta."

"Nimeangalia."

"Hata kauvimbe kadogo?"

Akaacha kufuta kishikio. "Unataka uvimbe?"

"Nataka kitu cha kupeleka Butiama."

Akashusha pumzi. "Kwanza nenda kakojoe kabla hujapasuka. Halafu utaniambia Butiama kuna nini."

Nikaenda. Niliporudi alikuwa ameshavaa viatu na kuvivua tena.

"Ulikwenda chooni au ulikwenda Bunda?"

"Ndivyo ninavyokojoaga," nikasema. "Nachuchumaa, nasubiri. Nafikiria mvua. Nafikiria bomba. Kisha yanakuja, kidogo kidogo, kama ya kuazima."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Kwani wengine wanafanyaje?"

"Wengine wanachuchumaa, wanakojoa, wanarudi."

Nilimwangalia nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Mtu unaweza kuzeeka bila kujua jambo kama hilo, maana nani utamwuliza? Nikamwambia na habari za viti, na za chumbani, na za ukuta wa msibani. Alisikiliza bila kuandika chochote, kisha akaniambia nirudi kitandani, safari hii nikunje magoti.

Alikivika kile kishikio glavu, akakipaka ule mlenda wa baridi, akakiweka chini, nje tu, juu ya mwili. Hakuingiza kitu. Kioo akakigeuzia kwangu.

"Tumboni tulikuwa tunaangalia vyombo vya nyumba," akasema. "Sasa tunaangalia sakafu. Hiki ni kibofu, kimenywea. Huu weusi ni mfupa wa mbele. Na huu hapa nyuma, mweupe, kama kamba iliyovutwa, ni msuli. Hiyo ndiyo misuli ya sakafu ya nyonga, inayobeba vyote. Kaza, kama unazuia mkojo."

Nikakaza. Kwenye kioo ule mstari ukatikisika kidogo tu, kama mtu aliyeguswa usingizini.

"Haya, legeza."

"Nimelegeza."

"Bado."

"Nimelegeza, dokta."

"Hujalegeza."

"Mwili ni wangu, nimelegeza!"

"Wewe umelegeza," akasema polepole. "Wenyewe haujalegea. Tazama."

Nikatazama. Nilikaza, nikalegeza, nikakaza, nikalegeza. Mstari ulikuwa pale pale, umejivuta kuelekea kwenye mfupa, haushuki. Ni jambo la ajabu kumwona mtu ndani yako anayekataa amri yako waziwazi, tena kwenye televisheni.

"Unashinda umekaza," daktari akasema. "Ukiukaza hauna pa kwenda, ukiulegeza haurudi. Kunja ngumi toka asubuhi mpaka jioni uone kama mkono hautauma."

Nikamsimulia foleni. Nikamwuliza kama ndizo. Akasema inawezekana, kuzaa nako kumo, na kuogopa maumivu kunaleta mengine, mambo haya huchanganyika. Picha inamwonyesha msuli ulivyo, haimwambii ulikotoka. Nilimpenda kwa kusema hivyo. Lakini moyoni nilikuwa nimeshajua. Foleni zilikwisha, maduka yakajaa, watu wakasahau hata mawe yao, na sehemu moja ya mwili wangu hakuna aliyeipa taarifa. Ilikuwa bado imesimama mbele ya duka la ushirika, inalinda nafasi.

Alinifundisha kupumua mpaka chini, nikaona kwenye kioo ule mstari unashuka kidogo, unywele tu, kisha unapanda tena. "Umeona? Unajua njia, umesahau tu," akasema. Nipumue hivyo kila siku, nikae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nisibane tena wala nisisukume. Itachukua muda mrefu. Labda haitaisha yote. Kisha akaniuliza Butiama wanataka nini hasa, nikamwambia wanataka kuona. Akabonyeza, mashine ikatoa picha mbili kwenye karatasi laini ya kung'aa: moja nimekaza, moja nimelegeza.

Nilipotoka nazo mkononi, wanawake wa benchi wakasema hongera. Mume wangu akazipokea, akazigeuza, akauliza kwa sauti ndogo, "Mapacha?"

Nikamweleza jioni ile. Akasema, "Kwa hiyo si mimi." Sikuwa nimewahi kujua kwamba miaka yote ile ya habari za pamba alikuwa anadhani ni yeye.

Butiama tulikwenda siku iliyofuata ya mapumziko yake. Mama mkwe alikuwa kibarazani anapepeta ulezi. Nilipiga magoti, maana magoti nilikuwa nayaweza, nikampa picha. Alizishika mbali na macho, akazisogeza, akazilinganisha.

"Hizi ni moja."

"Ndiyo, mama. Huo ndio ugonjwa wenyewe."

"Usinifanyie fomu foo hapa."

"Hii nimekaza. Hii nimeambiwa nilegeze, na nikadhani nimelegeza. Zilitakiwa zisifanane." Nikamwonyesha ule mstari kwa ncha ya ukucha. "Daktari ananiambia hujalegeza, mimi nabisha nimelegeza. Tumebishana pale kama watoto. Kumbe yeye anaona."

Aliguna tu. Nikaona naelekea kushindwa, nikakunja ngumi mbele yake. "Ni kama hivi, mama. Halafu unauambia mkono funguka, nao haufunguki."

Mama mkwe aliweka ungo chini. Alitazama ngumi yangu, kisha akanyoosha mikono yake mwenyewe, ile mikubwa, juu ya kanga. Haikunyooka. Vidole vilibaki vimepinda, vimeshika kitu ambacho hakipo, mpini wa jembe au chuchu ya ng'ombe. Nilikuwa nimekula chakula cha mikono ile miaka yote na sikuwahi kuitazama.

"Kama hii?" akasema. "Asubuhi nailoweka kwenye maji ya moto ndipo inashika kijiko."

"Kama hiyo, mama. Na mimi wameniambia maji ya moto."

"Sasa wewe utaloweka nini," akaanza, akajikamata, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Halafu akanirudishia picha, akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta kana kwamba hakuna lililosemwa. Hakuniambia nije wala nisije.

Nikarudi Nyasura na kazi yangu mpya ya kulegea. Ni kazi inayochosha kuliko kulima, maana ukiikazania umeharibu. Jirani alinikuta nimelala mkekani napumua, mkono tumboni.

"Afande, umekufa?"

"Najifunza kulegea."

"Umekwenda mpaka Musoma kufundishwa kulegea! Si ungeniuliza, mume wangu ni mtaalamu, tangu Jumatatu hajainuka."

Kuna siku nilifika mpaka kumaliza kikombe cha chai kwenye kochi. Kuna wiki nzima nilirudi kwenye tofali. Chooni niliacha kufikiria mvua, baadhi ya siku. Zile picha zilianza kufifia kwenye kabati, karatasi yenyewe ilikuwa ya aina hiyo, na mimi nikawa najiuliza siku ya baba mkwe nitasimama na nini mkononi.

Ikafika. Mzee aliondoka msimu wa kuvuna pamba, kwa utaratibu, kama alivyokuwa akiinuka kwenye kiti chake. Tulipowasili uani palikuwa pamejaa wanawake kwenye mikeka, nami nikaona vichwa vikigeuka kunitazama, kisha kuutazama ukuta, wakingoja niuegemee. Nikapita nikaingia ndani alikokuwa mfiwa. Mama mkwe alikuwa kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, amelala, kanga usoni, wakwe wenzangu na mawifi wamekaa wamemzunguka. Nikapiga magoti mlangoni. Nilijua nina muda wa magoti, baada ya hapo utakuwa ukuta.

Akatoa kanga usoni.

"Wewe wa ziwani. Njoo huku ulale ubavu."

Wifi mkubwa akainua kichwa. "Mama, godoro ni la mfiwa."

"Na mfiwa ni mimi. Sogeeni."

Wakasogea. Nikapanda pale, nikiona aibu, mtu mzima na viatu vyangu mkononi, nikajilaza nyuma ya mgongo wake. Wifi hakunyamaza moja kwa moja. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba fomu foo imefika mpaka kwenye godoro. Nje walikuwa wanaanza wimbo. Mama mkwe akageuka taratibu mpaka tukatazamana. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alinishika mkono kwa vile vidole visivyonyooka.

"Legeza," akaninong'oneza.

"Nimelegeza, mama."

"Hujalegeza." Akafumba macho. "Hata mimi."